Pembe Niliyomjazia Baba

Tulijua baba ni mgonjwa siku ndoo ilipokosa mahali pa kukaa. Alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Subukia, na mkamuaji hukaa kwenye kigoda, ndoo kati ya magoti, kichwa ameegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Alikaa hivyo tangu mimi sijazaliwa. Mwaka ule, mahindi yakiwa yamefika magotini, tumbo lake lilikuwa limejaa mbele kiasi kwamba ndoo haikupata nafasi. Akaiweka kando. Ng'ombe akaipiga teke, maziwa yakamwagika, na nyapara akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Mama alisema ni gesi tu. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliyeishi nyumba ya nne kutoka kwetu kwenye laini za wafanyakazi, alisema ni mkono wa mtu. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ya vita vya msituni dhidi ya wakoloni, na wakati ule kila ugonjwa ulikuwa na mkono wa mtu. Watu walikuwa wameapishwa, wengine wamekana kiapo, na tumbo la mtu likivimba majirani walitazamana bila kusema. Akaletwa mzee wa kumtakasa. Mbuzi akachinjwa, baba akatapishwa, nyama ikaliwa na waliokuja kutazama. Tumbo likabaki palepale.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimesoma kwa wamisheni mpaka darasa la sita na nilijiona najua kila kitu. Nikawaambia tumpeleke Nakuru. Nilisema kwa ukali, maana mimi sijui kusema kwa njia nyingine hata leo, waulize wanangu.

Sasa niseme la pombe, kwa sababu ndugu zangu wakisimulia habari za baba hulipita kando. Baba alikunywa. Hakuwa mlevi wa kulala mtaroni wala wa kupiga mke. Alikunywa muratina kila jioni akitoka kukamua, siku zote za juma, Jumapili pia, polepole, akicheka na wazee wenzake. Ndiye aliyeitwa kila penye sherehe aje aionje hiyo muratina ya miwa na asali aseme kama imeiva. Mtu kama huyo hakuna aliyemwita mlevi. Aliitwa mtu wa watu.

Tulipanda lori la maziwa, mimi na yeye, tumekaa kati ya madebe, na vibali vya kutoka shambani mfukoni mwangu. Katika hospitali ile ya Nakuru tulipangiwa dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu mfupi, mkavu, aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Daktari mzungu alipita mara moja kwa juma. Siku nyingine zote wagonjwa walikuwa wa dresa.

Alimlaza baba ubavu, akamchoma chini ya kitovu kwa chuma chenye tundu, akaunganisha mpira. Maji yakatoka, ya rangi ya chai iliyopoa. Mimi ndiye niliyeshika ndoo. Ilijaa, nikapewa nyingine. Nakumbuka nilikuwa nafikiria viatu vyangu, kwamba vitarowa. Huo ndio ukweli. Mtu hutarajia kwamba atahisi kitu kikubwa wakati kama huo, na mimi nilikuwa nafikiria viatu.

Baba alirudi nyumbani tumbo limelala, akashukuru Mungu, na jioni hiyohiyo wazee wakaja kumpa pole na kibuyu. Baada ya majuma sita tulirudi na tumbo lilelile. Wakatoa maji tena. Mara ya tatu dresa hakuchukua chuma kwanza. Alivuta kiti akakaa mbele ya baba, akamuuliza nyumba yake imeezekwa kwa nini.

"Nyasi," baba akasema.

"Ikivuja, mama watoto hufanya nini?"

"Huweka sufuria."

"Na sufuria ikijaa?"

"Humwaga, huweka tena."

"Mimi nimekuwa nikikuwekea sufuria, mzee," dresa akasema. "Leo nataka tupande juu ya paa."

Kisha akamweleza. Ini la baba lilikuwa limeota makovu, limekuwa gumu, damu haipiti vizuri, ndiyo maana maji yalijikusanya. Kulikuwa na mgonjwa kitanda cha tatu, mtu wa kando ya ziwa huko Nyanza, tumbo lake kama la baba. Huyo, dresa alisema, kilichomharibu ni wadudu wa kwenye maji aliyokuwa akioga toka utotoni, na anachomwa sindano za kuwaua. Mwingine manjano ilimshika miaka mingi nyuma, ikamwachia deni. Ini huumia kwa njia nyingi, na ukitibu tumbo bila kuuliza njia iliyotumika unajisumbua. "Wewe njia yako ni pombe. Hakuna dawa ninayoweza kukupa ikashindana nayo. Ukiacha, ini halitarudi kuwa jipya, lakini lililobaki litakutosha uzeeke. Ukiendelea, mwaka huu huumalizi."

Baba akauliza, "Kabisa?"

"Kabisa. Si kupunguza."

Alipewa masharti mengine. Chumvi kidogo. Maziwa, maharagwe, mayai. Kwa mayai baba alicheka, kwa sababu kwetu mwanamume mzima hali mayai, ni chakula cha watoto. Dresa hakucheka. Akaniambia mimi, si yeye, kwamba kila Jumamosi nimpime baba tumbo kwa uzi, nifunge fundo miisho ya uzi inapokutana, na kila mwezi nimletee uzi huo aone.

Sikutegemea kwamba baba angeacha. Hata mama hakutegemea. Lakini aliacha. Juma la kwanza mikono ilimtetemeka hata kikombe cha maziwa kikamshinda, na usingizi ukampaa. Alimgombeza mama kwa sababu ya kuni, akanigombeza mimi kwa sababu ya uzi. Sisi tukavumilia. Mzungu, kwa ajili ya zile nguvu alizokuwa nazo baba zamani, aliruhusu apewe chupa ya maziwa asubuhi na jioni. Mayai aliyala ameupa mlango mgongo, mtu asimwone. Ndugu zangu wadogo walikuwa wakichungulia dirishani wakicheka, naye akajifanya hasikii.

Kilichomwumiza zaidi hakikuwa kiu. Kilikuwa kiti. Wazee wakikaa jioni nyuma ya nyumba ya baba mkubwa, kibuyu kilizunguka, na mtu asiyekunywa hukaa kama mgeni. Alikwenda mara mbili, tatu, akashika kikombe chake cha maziwa. Wakamtania kwamba ameachishwa ziwa vibaya. Akacheka nao. Baadaye hakwenda tena. Akawa anakaa mlangoni petu akichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyemwagiza, na kesi za laini zikaanza kuamuliwa bila yeye. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa ya kukasirika. Nilitaka awe hai na pia awe yule wa zamani.

Fundo la uzi likaanza kusogea. Kidole kimoja, vidole viwili, kiganja. Mwezi wa tano tangu aache pombe, umanjano ukamtoka machoni. Mwezi wa sita akarudi zizini, ndoo ikakaa mahali pake kati ya magoti, na nyapara akamwita kwa jina lake la kazi. Nilipompelekea dresa ule uzi aliushika akaunyoosha dirishani, kisha akamwita mwenzake aje aone. "Huyu amepanda paa," akasema. Sijawahi kumwona akitabasamu ila siku hiyo.

Katika miezi hiyohiyo nilikuwa nimepata mchumba. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba jirani, kwao ni upande wa Molo. Nilimpenda. Sioni haya kusema. Rika langu walikuwa tayari wana watoto mgongoni, na mama alikuwa ameanza kunitazama kwa jicho la kuuliza.

Kwetu binti hatolewi kwa maneno matupu. Siku ya kuja wakwe hupikwa muratina, na wazee wakishakaa, binti huitwa mbele yao. Humiminiwa pombe kwenye pembe ya ng'ombe, au huijaza mwenyewe. Huulizwa kama wazee wainywe. Akikubali, huonja kidogo, kisha humpa baba yake kwa mikono miwili. Baba huchukua funda, humpulizia binti kifuani kumbariki, na kinachobaki hukinywa. Hapo ndipo wengine nao hunywa. Binti asipoonja, hakuna ndoa. Na baba akiikataa pembe ya binti yake, ni kama amemkataa mwanamume yule mbele ya watu wake wote.

Basi unaona tatizo lilipokuwa.

Watu wa mchumba wangu walikuwa wa kanisa. Walituma neno kwamba kwao hata chai ingefaa. Baba mkubwa akasema chai ni ya kazini. Mama akapendekeza baba mkubwa ndiye aipokee pembe. Yeye akajibu kwamba atapokeaje pembe ya binti ambaye baba yake yuko hai, amekaa palepale. Watu watasema mtoto ni yatima au baba ana kinyongo. Wakabishana siku mbili. Mwisho baba mkubwa akatoa njia ya katikati. Baba achukue funda moja, alipulize lote, asimeze. Hiyo si kunywa, akasema, hiyo ni kubariki, na baraka haijawahi kumuua mtu. Kisha akanigeukia mimi. "Unakwenda Nakuru kesho kupeleka ule uzi. Muulize huyo daktari wako. Akisema sawa, ni sawa. Akikataa, tutangoja."

Tutangoja nini, hakusema. Mchumba wangu alikuwa amepata kazi Naivasha, anahama mwisho wa mwezi.

Nikaenda. Nikamkuta dresa akiosha mikono. Nikamweleza yote, taratibu, kama nilivyokuelezeni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hapana.

"Hata akipuliza lote?"

"Hata akipuliza lote. Funda moja halitamuua. Funda moja litamkumbusha. Ameikosa miezi saba, halafu utamwekea mdomoni, mbele ya wazee wake, siku ya furaha, na umtegemee ateme?" Akajifuta mikono. "Yeye ni mtu wa ng'ombe. Abariki kwa maziwa. Hata nyinyi si mlikuwa mkibariki kwa maziwa zamani? Mwambie nimekataza mimi. Nitaje mimi, mimi ndiye nilaumiwe."

Lori lilichelewa siku hiyo. Nilikaa juu ya debe tupu nikifikiria. Niliwasikia wanawake wa laini kana kwamba wamekwishaanza. Yule ameolewa kwa maziwa kama ndama. Niliwaona wakwe wakirudi kwao na kibuyu kikiwa kimejaa. Niliwaza Naivasha, mchumba wangu peke yake huko, na wasichana wa Naivasha hawana kazi nyingine. Nikajiambia baba amepona. Nikajiambia ni funda moja, tena la kupuliza. Mtu akitaka kitu, hoja hazimpungukii.

Nilipofika nyumbani walikuwa wameketi wakinisubiri, baba mkubwa, mama, na baba.

"Amesemaje?" baba mkubwa akauliza.

"Sikumkuta," nikasema. "Ameenda likizo."

Baba mkubwa akasema basi, Mungu ndiye daktari. Mama akainuka akachochea moto. Baba aliendelea kuchonga mpini wake.

Mzungu alitoa kibali cha kupika na kibali cha watu kukusanyika, vyote kwenye karatasi moja. Siku ilikuwa nzuri, jua bila upepo. Wakwe walifika kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la buluu la kuazima. Nikaitwa. Baba mkubwa akaniuliza kama ile pombe wainywe au wairudishe ilikotoka. Nikasema wainywe. Nikaijaza pembe mwenyewe, kutoka kwenye kibuyu kikubwa, nikaijaza sawasawa kwa sababu pembe isiyojaa ni dharau. Nikaonja. Ilikuwa tamu, imeiva vizuri. Nikapiga magoti, nikampa baba kwa mikono miwili.

Alichukua funda. Akanipulizia kifuani, gauni likalowa, wazee wakaitikia baraka mara tatu. Alifanya kama walivyokubaliana. Kisha alitakiwa ampe kaka yake pembe. Hiyo pia ilikuwa imekubaliwa. Lakini pembe ilikuwa bado imejaa, na wakwe walikuwa wanamtazama, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti mbele yake. Akanitazama mimi. Si kwa hasira wala kwa kuomba. Alinitazama kama anayengoja niseme kitu. Nilikuwa nalo la kusema. Ningeweza kulisema kwa sauti ya chini, hakuna ambaye angesikia.

Akainua pembe akainywa yote. Niliona koo likipanda na kushuka.

Wazee walifurahi, unajua. Walifurahi kweli, si kwa ubaya. Mmoja akamshika bega akasema mwenzetu amerudi kutoka safari. Wakampisha kwenye kiti chake cha zamani, katikati, na jioni ilipoingia nilimsikia akicheka kile kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi saba. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Sikuhisi ubaya wala uzuri. Nilikuwa nimeolewa, kwa kweli, au karibu.

Baada ya hapo hakukuwa na siku moja ambayo ningeweza kuionyesha kidole. Alikwenda nyuma ya nyumba ya baba mkubwa siku ya pili, akakaa tu. Siku ya nne kibuyu kilipofika kwake hakukipitisha. Kesi za laini zikaanza kumngoja tena. Mimi nikahamia Naivasha. Nilipokuja kuwasalimu, mimba ikiwa na miezi minne, sikuhitaji uzi kumpima baba, kwa macho yangu tu nilijua. Tumbo lake lilikuwa limenizidi mimi mwenye mimba, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitania hilo.

Alitapika damu siku ya pili ya kuvuna mahindi. Mzungu mwenyewe alimpeleka Nakuru kwa gari lake, jambo ambalo watu walilizungumza kwa muda mrefu kuliko walivyozungumza ugonjwa. Nilipata habari, nikaja. Nikamkuta mama amekaa kwenye sakafu kando ya kitanda. Baba alikuwa wa manjano mpaka kucha. Siku ile ya kwanza hakunijua. Ya pili akili ikamrudia, akaomba uji, nikamchemshia kwa mpishi wa hospitali nikamletea.

Ndipo dresa akapita. Alikuwa ni yuleyule, na kaptula ileile. Alimshika baba mkono, akalibonyeza tumbo, akalifunika.

"Huyu alikuwa amepanda paa," akasema. "Nani alimshusha?"

Mama akaeleza habari ya wakwe na ya pembe. Akasema tulitaka kukuuliza, daktari, lakini ulikuwa umekwenda likizo.

"Mimi sijaenda likizo mwaka wa pili huu," dresa akasema. Akanigeukia. "Wewe si ulikuja? Si tulisimama pale kwenye maji ya kunawa, nikakwambia mwambie hapana, abariki kwa maziwa?"

Mama akainua uso akanitazama. Kikombe cha uji kilikuwa kinaniunguza vidole nami sikukiweka chini.

"Aliniambia," baba akasema.

Sauti ilikuwa ndogo lakini maneno yalikuwa yamenyooka. Hakunitazama. Ndiyo kwanza alikuwa ameisikia habari hiyo, pale kitandani, wakati uleule mama alipoisikia, na haikumchukua hata pumzi moja.

"Aliniambia jioni ileile, mama yake akiwa ameenda kuchota maji. Nikamwambia anyamaze, neno libaki kwamba hakukukuta. Nilitaka kunywa pembe ya mtoto wangu. Ni mimi."

Dresa akatikisa kichwa. Alikuwa amekasirika, na nadhani alikuwa ameumia, kwa sababu ule uzi ulikuwa wake pia. Akamkemea baba mbele ya wodi nzima, mtu mzima mwenye wajukuu njiani. Akamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Baba akawa anaitikia. Ni kweli, daktari. Ni kweli.

Dresa akaenda kitanda kingine. Mama akaacha kunitazama, akajifunga leso upya kiunoni. Mimi nikamwinua baba kichwa nikamnywesha uji, akanywa nusu, akasema inatosha.

Alikufa siku ya tatu yake. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, aliishi nami, akalea watoto wangu wote. Kila alipomtaja baba alimlaumu kwamba alionywa akaziba masikio, kwamba alipenda pembe kuliko alivyotupenda sisi. Alikuwa akisema hivyo akichambua maharagwe, mimi nimekaa kando yake nikichambua naye, na sikumwambia.